Meza ya Uzi Mwekundu

Nilistaafu mvua zilipokuwa zinaisha, na tangu hapo nyinyi mliobaki kwenye chumba cha broderi, yaani cha kutarizi, mmeniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa. Naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Cheo nilipata kimoja, nacho kilikuja pamoja na funguo za kabati. Kuhusu mishahara, kila nyumba ya mtaa wetu wa Kapata ina hadithi yake na haihitaji yangu.

Niliingia foye nikiwa bado sijaolewa. Kwa wale waliozaliwa baadaye, foye ilikuwa nyumba iliyojengwa na kampuni ya mgodi ili wake wa wafanyakazi wafundishwe kupika, kushona, kutunza watoto wachanga na kutarizi. Jengo ni lile lile mnalolijua: matofali, mabati, madirisha marefu upande wa uwanja, na meza moja ndefu ambayo haiwezi kutoka mlangoni. Hakuna anayejua iliingiaje. Mimi nadhani ukuta ulijengwa baadaye.

Aliyenipokea alikuwa Mama Godeliva, monitrisi, yaani mwalimu, wa wakati ule, mwanamke mwembamba aliyesema kidogo na kuangalia sana. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akakibandika kwenye kiganja changu, akakitoa. Kilikuwa na alama ya vidole vyangu vitano, rangi ya udongo.

"Nenda unawe," akasema.

"Nimenawa, Mama."

"Umenawa ya kula. Nenda unawe ya kazi."

Nilinawa, nikarudi, akabandika tena kitambaa, akanituma tena. Vumbi la Kolwezi mnalijua. Linaingia kwenye mistari ya ngozi na kukaa humo kama mpangaji. Sindano niliishika karibu na saa ya chakula, na wanawake waliokuwa mezani walikuwa wameshachoka kucheka.

Kazi ya siku zilizofuata haikuwa kutarizi. Nilijaribu uzi. Kila kibiringo cha uzi mwekundu kilichotoka Lubumbashi au kwa wafanyabiashara wa mpakani kilikatwa kipande, kikatumbukizwa kwenye maji yanayochemka pamoja na kitambaa cheupe, kikakorogwa kwa kijiti. Kitambaa kikitoka cheupe, uzi ulikubaliwa. Kikitoka na rangi ya fizi za mtoto, uzi ulirudishwa kwa aliyeuleta, naye aliapa kwa mama yake kwamba maji yetu ndiyo mabaya. Fanyeni hivyo mpaka leo. Nimeona kitambaa cha altare kikigeuka waridi kizima kwa sababu mtu aliamini karatasi iliyobandikwa kwenye kibiringo.

Nina tabia ya kuuliza maswali, na swali nililouliza mapema ni hili: kwa nini nyekundu juu ya nyeupe? Kabatini kulikuwa na vibiringo vya rangi nyingine, vimejaa vumbi. Majibu niliyopata hayakufanana. Mama mmoja wa kwaya aliniambia ni damu ya Yesu na usafi wa Maria. Mume wa jirani yangu, aliyefanya kazi kwenye treni za mgodi, alisema nyekundu ndiyo rangi ambayo hata mlevi akiiona husimama. Mwingine alisema ni uchumi tu, kwamba ukiwa na rangi moja hubakiwi na mikia ya rangi tisa usiyoweza kuitumia.

Mama Godeliva aliniambia jambo lililokuwa karibu zaidi na ukweli. Masista wa kwanza kufundisha foye walikuja na uzi wa kila rangi. Lakini kitambaa cheupe hapa hakifuliwi, kinachemshwa, kwa sababu ya vumbi. Baada ya misimu michache bluu, kijani na manjano zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nyekundu nzuri peke yake ndiyo iliyobaki. "Hatukuichagua," alisema. "Zingine zilikimbia."

Lakini watu waliipenda, hilo nililiona kwa macho yangu. Nyumba za kampuni zilifanana zote, mlango, dirisha, jiko nyuma. Mgeni aliweza kuingia kwa jirani, akakaa, akapewa maji, ndipo akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Kilichotofautisha nyumba kilikuwa vitambaa: juu ya migongo ya viti, juu ya redio, juu ya meza. Huyu ana ndege kanga wanaofuatana mkia kwa mdomo, yule ana zabibu, yule misalaba midogo pembeni. Ndani mlikuwa na giza, madirisha yalikuwa madogo, lakini nyekundu ile uliiona ukiwa bado kizingitini. Mtu akifariki, viti vilitolewa uani kwa ajili ya waombolezaji na vitambaa vikakunjwa. Vikirudi kwenye viti, majirani walijua kwamba sasa wanaweza kuja kuomba chumvi na kucheka kwa sauti.

Na nyekundu juu ya nyeupe haifichi kitu. Ukiwa na rangi kumi, jicho la mtazamaji linakimbia huku na huku na kukusamehe. Ukiwa na moja, kila msalaba uliolala vibaya unasimama na kujitambulisha. Kwa hiyo tulifundishwa kuhesabu nyuzi za kitambaa kabla ya kuchoma sindano, na upande wa nyuma kuufanya safi kama wa mbele. Mama Godeliva aliangalia nyuma kwanza. Nyuma ya kazi yangu ya kwanza aliisoma muda mrefu, akaniuliza, "Hii ni kiota. Ndege yake iko wapi?"

Alipoacha kazi nilichukua funguo. Kisha ikaja ile miaka ambayo kampuni ilinyamaza. Sitaieleza, mmesikia kwa wazazi wenu. Foye ilibaki wazi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifunga. Tulitarizi kwenye magunia ya unga yaliyochemshwa mpaka maandishi yakafutika, isipokuwa mara moja moja ambapo ukitazama vizuri ulisoma kilo ngapi chini ya ua. Baadaye ikaja migodi mipya, malori, wageni, na foye ikapata shirika la kuitunza na mkurugenzi, mwanamke kijana tuliyemwita Mama Direktrisi, mtu wa haki ingawa aliharakisha.

Sasa nifike kwa Mama Umba, kwa kuwa katika miaka yangu yote, hiyo ndiyo kesi ngumu kuliko zote niliyokuwa nayo.

Mama Umba alitoka Kasaji, mjane wa mtu wa reli. Aliingia foye baada yangu na akanipita kwa kazi ya mikono, jambo ambalo sikuwahi kulificha. Kanga wake walitembea. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote mezani na hakuna aliyefanya pembe ya kitambaa bila kumuuliza.

Dalili nilianza kuziona kidogo kidogo. Kiti chake kilisogea kuelekea mlangoni, kila wiki mahali pengine, kama mmea unaofuata jua. Alikuwa akisubiri mtu aongee ndipo amsalimie kwa jina. Halafu siku moja, saa ya chakula, aliinuka na foronya ya harusi ikainuka naye. Alikuwa ameishonea kwenye kitenge alichovaa.

Ngalula, binti wa familia ya Kasai, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wowote wa foye, alipiga makofi. "Mama Umba, bwana-harusi anakufwata! Usimukimbie!"

Tulicheka, na Mama Umba alicheka kuliko wote. Jambo hili limempata kila mtu anayetarizi kwenye mapaja. Lilipompata Mama Umba tena, Ngalula alipiga magoti akaukata ule uzi kimya kimya. Hapo nikaandika akilini.

Wakati ule wateja walikuwa wamebadilika. Wake wa wafanyakazi wa migodi mipya walitaka rangi walizoziona kwenye simu. Mama mmoja kutoka katikati ya mji alituagiza shuka la harusi ya binti yake: maua ya rangi ya waridi, majani ya kijivu, utepe wa zambarau hafifu. Alituonyesha picha, akaikuza kwa vidole. "Haya ya nyekundu ni ya bakoko, ya bazee," alisema akitazama kazi iliyokuwa mezani. "Mutoto wangu haolewe na mukoko." Hatukubishana naye. Shada la katikati nilimpa Mama Umba, kama ilivyokuwa desturi.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba wanawake wa meza ile walikuwa na mpango wao. Kila asubuhi Ngalula alipanga vibiringo mbele ya Mama Umba kwa mpangilio uleule, kutoka mkono wa kushoto: waridi, kijivu, zambarau. Mama Umba alifanya kazi kwa kufuata mahali, si rangi. Ilikwenda vizuri. Jumamosi tulisafisha meza kama kawaida na kurudisha uzi kabatini. Jumatatu Ngalula hakuja, alikuwa Kisenge kwenye msiba wa shangazi yake. Mtu mwingine akatoa vibiringo, akavipanga alivyopenda.

Saa ya ukaguzi nilipeleka shada mlangoni kwenye mwanga. Maua yalikuwa rangi ya jivu na majani yalikuwa waridi. Mishono yenyewe haikuwa na kosa.

Nilirudi nikasimama nyuma yake. "Mama Umba, hii maua ni ya rangi gani?"

"Ya roze."

"Na majani?"

"Kijivu, sawa vile mama wa bibi-harusi alisema." Kisha akasikia. Sindano zote zilikuwa zimesimama. Aligeuza uso kuelekea wenzake, mmoja mmoja, ingawa sidhani aliwaona. "Aa. Njo sababu munanyamaza vile," akasema taratibu. "Boni. Nimejua."

Nilimpeleka barazani. Nilimuuliza tangu lini.

"Bluu ilienda kwanza," alisema. "Minasema, labda ni uzi ya siku hizi. Kisha rangi ya jani na manjano zikakuwa kitu moja. Kisha ile kulere, ile rangi yote ya bibi-harusi, ni moshi tu. Nyekundu njo imebaki. Juu ya nyeupe naionaka. Inanifikia."

"Ungeniambia, mama."

"Nikuambie nini? We njo monitrisi. Mi nikikuambia, utafanya kazi yako." Alielekeza kidevu mlangoni. "Na ukinirudisha ku nyumba, nitakaa na nani? Batoto biko Lubumbashi. Hapa kuko hata batu ya kunidanganya. Kule hakuna."

Shada lilifumuliwa na wanawake wanne, likatariziwa upya, na shuka lilifika kwa wakati. Lakini Mama Direktrisi aliona hesabu ya siku zilizopotea, akaniita. Hakuwa na ukatili. Alisema meza ile ina viti vichache na wanawake wanasubiri nje, na mtu anayeweza rangi moja hawezi kushika kiti wakati maagizo ni ya rangi zote. Madaktari wa macho walikuwa wanatarajiwa kwenye hospitali ya mji kabla mvua hazijaisha. "Akipata macho, kiti ni chake," alisema. "Asipopata, tumupatie kazi ingine. Apokee bageni ku mulango."

Nilimpelekea Mama Umba maneno hayo bila kuyapunguza.

"Mi nipokee bageni?" akasema. "Nitapokea mwizi, nitamupa kiti na maji."

Lakini kwa daktari alikataa kwenda. Muuguzi wa zahanati alimwangalia akasema ni mtoto wa jicho, jambo la kawaida, linaondolewa. Mama Umba alijua mwanamke wa mtaa wa nyuma aliyefanyiwa upasuaji akatoka bila jicho, au alijua mtu aliyemjua. "Leo niko na nyekundu," alisema. "Bakiharibu, nitakuwa na nini? Nyeusi? Nani ananunua broderi ya nyeusi?"

Basi tukampa nyekundu. Alianza kitambaa cha meza kikubwa, bila mteja, kwa sababu maagizo ya nyekundu yalikuwa yamepungua. Misalaba pembeni, kanga katikati. Na hapa ndipo niliona jambo ambalo sikufundishwa na Mama Godeliva. Nyekundu aliiona, ndiyo, lakini nyuzi za kitambaa hakuweza tena kuzihesabu. Mstari wa misalaba ulianza vizuri, ukateremka, ukapanda, ukateremka tena. Kanga wa kwanza alikuwa na shingo, wa tatu alikuwa na mashaka.

Wanawake walimsifu. "Mama, leo umetutia haya." "Mama, hii itaenda ku Vatikano." Ngalula alisifu kuliko wote, yeye ambaye kwa wengine hakuwahi kusifu hata sufuria. Nami nilipoulizwa nilisema kazi inaendelea, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Siku zikaenda hivyo. Mama Umba akitarizi na kutabasamu, sisi tukiangalia upande mwingine, madaktari wakafika, na siku yao ya kuondoka ikakaribia.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mawingu mazito. Alikaa mlangoni penyewe, magoti nje, akaweka uzi juu ya kitambaa kama alivyofanya kila siku kabla ya kuanza. Akauhamisha. Akainamisha kichwa. Akauinua, akauweka tena. Ngalula alikuwa ameacha kazi akimtazama.

"Leo nyekundu imechelewa," alisema Mama Umba.

Hakuna aliyepata sifa ya kumpa. Mvua ikaanza, mbingu ikafunguka kidogo baadaye, na akasema nyekundu imefika. Lakini hakuanza. Alikunja kitambaa akakiweka juu ya mapaja.

"Ngalula."

"Mama."

"Ile daktari wa macho. Biko mpaka siku gani?"

"Biko mpaka juma inakwisha, Mama."

"Utanipeleka?"

"Mi? Nikupeleke, bakukate, unitukane maisha yangu yote?"

"Nitakutukana hata usiponipeleka."

"Basi twende," alisema Ngalula, na alikuwa ameshaanza kufunga kitenge chake.

Madaktari walimfanyia jicho la kulia. Kitambaa chake cha meza nilikiweka kabatini. Kwa wiki kadhaa kiti chake kilikaa bila mtu, na sikumruhusu yeyote akisogeze, ingawa wanawake wa nje walichungulia. Mama Direktrisi alipita mara moja, akakitazama, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Mama Umba alirudi peke yake, kwa miguu, bila kushikwa mkono. Hakusubiri mtu aongee. Alisimama mlangoni akatuangalia meza nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuharakisha.

"Ngalula," alisema, "kumbe umezeeka hivi!"

Chumba kililipuka. Ngalula alijifunika uso, sijui kama alicheka au la. Mama Direktrisi alisikia kelele, akaja na sanduku la uzi mpya wa mwaka huo, akaliweka mezani bila maelezo. Mama Umba alielewa. Alichukua vibiringo akivitaja kimoja kimoja: bluu, bluu ya mbinguni, jani, kijivu, roze, "na hii njo ile move, ile zambarau ya bibi-harusi, kumbe ni mubaya hivi." Mama Direktrisi alisema, "Boni, Mama. Kiti ni chako," akarudi ofisini.

Mama Umba hakukaa. "Kitambaa yangu iko wapi?"

Nilikitoa kabatini. Alikikunjua mlangoni, akakishika kwa mikono miwili kwenye jua lote la asubuhi. Aliangalia ile mistari ya misalaba, akafuata njia yake kwa kidole, juu na chini. Akafika kwa kanga wa tatu.

"Nani alisema hii inaweza kwenda ku Vatikano?"

Kila mtu alikuwa na kazi nyingi.

"Ngalula?"

"Mama, mi nilisema uzi yake ni ya nguvu."

Mama Umba alikaa. Alichukua mkasi mdogo, akaingiza ncha chini ya msalaba wa kwanza, akaukata. Mmoja wetu alimwambia, "Mama, acha vile, itakuwa ukumbusho."

"Ukumbusho ya nini? Ya bongo yenu, ya kunidanganya?" Alikata wa pili. Hakuwa amekasirika. Miaka mingi nimewaona watu wakifumua kazi zao, wengi kwa machozi. Yeye alifumua kama mtu anayemenya karanga, huku akituambia mahali alipopotea, na hapa tena, na hapa nyinyi mlisema nini? Ilimchukua siku nyingi. Kitambaa kilibaki na matundu. Tulikilowesha, tukakivuta kwenye ubao, tukakikausha, na nyuzi zikafungana tena.

Kilipokuwa tayari alikitandaza mbele yake. Sanduku la Mama Direktrisi lilikuwa bado mezani, rangi zote zikimtazama. Aliziangalia tena, bila haraka, hata ile zambarau. Kisha akachukua nyekundu.

Alikata urefu wa mkono, akalowesha ncha kwa ulimi, akainua sindano kwenye mwanga. Uzi ulipita pembeni ya tundu. Ngalula alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha mapajani mwake. Uzi ukapita pembeni tena. Safari hii hakuna aliyemsifu. Tulingoja mpaka ukaingia.